Kostiki, silani, TEMPO au tanini: njia ipi ya kubadili singa za mkonge kwa maji?

Fundi anayetengeneza vibao vya dari kwa singa na rezini anavunja kibao chake na kukuta singa zimechomoka safi, zinang'aa, hazina hata chembe ya rezini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anataka singa hizo hizo zinase risasi iliyomo kwenye maji machafu. Kikundi kinachofinyanga vigae kinalalamika kwamba saruji inachelewa kukaza pale inapogusana na mkonge. Watatu hawa wana shida moja: uso wa singa hauko vile wanavyotaka, na wanataka kuubadili bila kununua tolueni na viyeyushi vingine vya aina hiyo, ambavyo ni ghali, vinanuka, na hawana pa kuvimwaga. Walicho nacho ni maji.

Njia za maji zipo, na hapa nalinganisha nne ninazoulizwa mara nyingi zaidi. Ila kuna jambo moja linapaswa kueleweka kwanza, maana ndilo linaloamua njia ipi itakufaa na ipi itakula pesa zako.

Nani anawahi: uzi au maji?

Singa ikitoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, takriban theluthi mbili yake ni selulosi, polima ndefu ya sukari iliyojaa vikundi vya hidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Zilizobaki ni hasa hemiselulosi na lignini, pamoja na nta kidogo juu. Kemikali utakayoileta ili ishikane na hidroksili za selulosi inakutana njiani na maji, na maji nayo yana hidroksili. Lita moja ya maji ina moli 55 hivi za molekuli za maji. Gramu kumi za singa ndani ya lita hiyo zina hidroksili chache mno zinazofikika usoni. Ukikaa ukalifikiria, ni ajabu kwamba kuna chochote kinachoshika.

Watengenezaji wa batiki wanaotumia rangi zinazojifunga na pamba wanalijua jambo hili kwa macho. Rangi hizo, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1956, hushika uzi kwa kifungo halisi cha kikemia ukizitia soda ashi. Lakini maji ya kusuuza ya kwanza hutoka na rangi nzito, ya pili vilevile, na ya tatu bado. Rangi inayomwagika pale beseni linapoinamishwa ni ile ambayo maji yaliiwahi kabla ya uzi.

Kwa hiyo kila njia hapa chini naiuliza maswali yale yale. Inafanya nini hasa kwenye uso wa singa? Maji yanaisaidia au yanaihujumu? Kinachopatikana kitadumu, na singa itabaki na nguvu zake? Inataka vifaa gani na inaacha taka gani? Inamfaa nani? Bei sizitaji, kwa sababu hubadilika kati ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na hata kati ya duka na duka.

Kostiki soda

Kinachotendeka. Hapa hatuongezi kitu, tunaondoa. Mmumunyo wa kostiki wa asilimia 4 hadi 6, kwenye joto la kawaida, kwa saa chache, unaondoa nta, hemiselulosi na sehemu ya lignini. Maji yanageuka rangi ya chai. Singa inabaki na uso wenye mikwaruzo na vifereji ambavyo rezini inaweza kuingia na kung'ang'ania, na hidroksili zilizokuwa zimefunikwa sasa ziko wazi. Ukipita asilimia 10 hivi unaanza kugusa jambo jingine kabisa: fuwele za selulosi zenyewe zinavimba na kujipanga upya. Hiyo ndiyo kazi ambayo John Mercer aliipatia hataza Uingereza mwaka 1850, kwa ajili ya nguo za pamba. Kwa singa za vibao sioni sababu ya kufika huko.

Maji yanaingiaje. Hayashindani na chochote, yanabeba tu uchafu na kuondoka nao. Ndiyo maana njia hii haikosewi kirahisi, na ndiyo maana naipenda kwa anayeanza.

Kudumu na nguvu. Kilichoondoka hakirudi, kwa hiyo badiliko ni la kudumu. Lakini singa inabaki kiumbe cha kupenda maji, pengine kuliko mwanzo. Hatari iko kwenye kuzidisha: hemiselulosi na lignini ndizo gundi inayoshikanisha seli za singa, na ukiziondoa sana singa inakatika mapema. Usikisie. Funga singa moja kwenye msumari, ning'iniza kopo upande wa chini, kisha mimina mchanga kidogo kidogo mpaka ikatike, halafu pima kopo na mchanga wake. Fanya hivyo kwa singa kumi zilizotiwa dawa na kumi zisizotiwa, za unene unaofanana. Jioni moja ya kazi hiyo itakufundisha kuhusu kostiki yako kuliko jedwali lolote.

Vifaa na taka. Kostiki inapatikana kwa wauzaji wa malighafi za sabuni. Tumia ndoo ya plastiki, kamwe usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Mimina kostiki kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani ya kinga, maana tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Suuza, malizia na siki iliyozimuliwa, suuza tena mpaka karatasi ya pH, kipimo cha asidi na alkali, ionyeshe 7, yaani katikati. Maji ya taka yazimuliwe ukali wake kabla ya kumwagwa, na yasielekezwe shambani wala mtoni.

Inamfaa nani. Mafundi na vikundi wanaohitaji mshiko bora bila maabara. Inawafaa pia wenye saruji, kwa sababu sukari zinazotoka kwenye singa mbichi huchelewesha saruji kukaza, na ni afadhali zitoke kwenye ndoo kuliko ndani ya kigae. Kwa njia ya pili na ya tatu, kostiki ni hatua ya kwanza.

Silani

Kinachotendeka. Silani ni molekuli ya ncha mbili. Ncha moja ina silikoni inayotafuta hidroksili za singa. Nyingine ina kikundi kinachochaguliwa kulingana na rezini: methakrili kwa poliesta, amino kwa epoksi. Ni daraja kati ya vitu viwili visivyoelewana.

Maji yanaingiaje. Hapa inafaa kutazama bika, yaani glasi ya maabara, kwa makini. Chukua maji yaliyotiwa siki mpaka pH ifike 4 au 5, tia silani ya methakrili asilimia 1 au 2, kisha koroga. Mwanzoni utaona matone kama ya mafuta yakizunguka chini. Endelea kukoroga. Baada ya muda, mara nyingi ndani ya saa moja, matone yanapotea na bika linakuwa angavu kama maji ya kunywa. Maana yake maji yameikata silani na kuifanya silanoli, yaani imeamka na iko tayari kushika. Singa ziingie wakati huo. Ukiliacha bika hilo bila kuligusa, muda si mrefu utalikuta limeingia ukungu, na baadaye utando mweupe umetua chini. Silanoli zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, hazina haja tena na singa zako.

Basi maji ndiyo yanayoiamsha silani, na maji hayo hayo yanaipa nafasi ya kujiharibu. pH ndiyo hatamu yako. Silani ya amino haihitaji siki, inapandisha pH yenyewe na kuyeyuka haraka.

Kudumu na nguvu. Ndani ya maji silanoli inaning'inia tu kwenye singa kwa vifungo hafifu vya haidrojeni. Kifungo cha kweli kinapatikana singa zikikaushwa kwenye ovena, nyuzi joto 110 hadi 120. Hata hapo, kifungo cha silikoni, oksijeni na kaboni ya selulosi kinakatwa polepole na unyevu. Kinachobaki kazini ni wavu wa silikoni na oksijeni uliojisuka kuzunguka singa. Kwenye kioo au mchanga hali ni bora zaidi, kwa kuwa silikoni inashikana na silikoni nyingine kupitia oksijeni. Nalisisitiza hili kwa sababu maelekezo mengi yaliandikwa kwa ajili ya nyuzi za kioo, na watu huyahamishia kwenye mkonge wakitegemea uimara uleule. Uimara huo haupo.

Vifaa na taka. Chupa ndogo ya bei kubwa, ambayo ikishafunguliwa unyevu wa hewa unaanza kuila. Ovena ni lazima. Silani nyingi hutoa methanoli au ethanoli zinapoamka, na methanoli ni sumu, kwa hiyo fanyia kazi penye hewa ya kutosha.

Inamfaa nani. Mwenye rezini ambaye tayari ametumia kostiki, amepima vibao vyake, na bado singa zinachomoka. Kwa chujio la maji au kigae cha saruji sioni kazi yake.

TEMPO

Kinachotendeka. Jina ni kifupi cha molekuli ndogo ya rangi ya machungwa yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Ikisaidiwa na bromidi ya sodiamu na hipokloriti, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye jiki, inageuza hidroksili moja tu kati ya tatu za kila kiungo cha selulosi, ile ya kaboni ya 6, kuwa kaboksili, yaani kikundi cha asidi. Zile nyingine mbili haizigusi. Uso wa nyuzi unajaa chaji hasi. Kundi la Akira Isogai na Tsuguyuki Saito la Chuo Kikuu cha Tokyo lilionyesha kwamba selulosi iliyofanyiwa hivi, ikikorogwa kwa nguvu ndani ya maji, inaachana mpaka kuwa vijiuzi vya unene wa nanomita 3 hadi 4. Mwaka 2015 wawili hao na Yoshiharu Nishiyama walipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg.

Maji yanaingiaje. Hii ndiyo njia iliyozaliwa kwa ajili ya maji. Dawa hailazimiki kukimbizana nayo, maana maji hayageuzwi na TEMPO. Gramu moja ya selulosi, mililita 100 za maji, miligramu 16 za TEMPO, gramu 0.1 ya bromidi, hipokloriti inayoongezwa kidogo kidogo, na pH ya 10. Kazi yako ni kukaa na pipeti ya kostiki. Kila kaboksili inapozaliwa pH inashuka, unadondosha, inapanda, inashuka tena. Siku pH itakapokataa kushuka, mmenyuko umekwisha, na unauzima kwa ethanoli kidogo. Ni kazi ya kukaa kitako, lakini inakwambia yenyewe imefika wapi, na hilo sijaliona kwenye njia nyingine yoyote kati ya hizi.

Maji magumu ni adui hapa. Kalsiamu inakimbilia kaboksili mpya na kuzigandisha pamoja. Ukisuuza kwa maji ya kisima yenye chumvi, utadhani mmenyuko umekataa, kumbe umefaulu na kalsiamu imekalia viti vyote. Tumia maji yaliyokenekwa.

Kudumu na nguvu. Kaboksili ni sehemu ya selulosi yenyewe, haibanduki. Lakini katika pH 10 minyororo ya selulosi hukatika na kuwa mifupi, kwa hiyo usitegemee singa itakayobeba mzigo. Ipo namna ya upole zaidi yenye kloriti ya sodiamu karibu na pH 7, nyuzi joto 60, inayolinda urefu wa minyororo, ila inachukua muda mrefu zaidi, pengine siku nzima na zaidi.

Vifaa na taka. TEMPO yenyewe ni ghali ila unatumia kidogo. Mita ya pH ni lazima, karatasi hazitoshi. Jiki ya dukani hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto, hivyo ipime kabla hujaiamini. Lignini ikiwa nyingi itakula hipokloriti yako yote, ndiyo maana kostiki inatangulia, na mara nyingi kuifanya singa iwe nyeupe kwanza kunasaidia. Na tafadhali, siki uliyoitumia kwenye hatua ya kostiki iwe imesuuzwa yote. Asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, na klorini inaua.

Inamfaa nani. Mwenye maabara anayetaka kunasa metali zenye chaji chanya kama risasi na shaba, au anayetaka vijiuzi vyenyewe. Pia anayetaka kuunganisha protini au kikundi cha amino baadaye, kwa kutumia EDC na NHS, kemikali mbili za kuunganishia. Hapo mbio zinarudi: kiungo cha kati kinachoundwa kinastahimili maji kwa saa kadhaa kwenye pH 7, lakini kwenye pH 8.6 nusu yake inaisha ndani ya dakika kumi hivi. EDC inakaa kwenye friza. Iache chupa ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa ya pwani utaganda ndani yake na kuiharibu kabla hujapima hata chembe.

Angalizo kwa wanafunzi wa Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa: floridi ina chaji hasi, na uso wa TEMPO una chaji hasi. Vinasukumana. Nimeona mapendekezo ya utafiti yaliyoandikwa vizuri sana yakianguka kwa kosa hili moja. Kwa floridi, uso unahitaji kubebeshwa metali kama alumini au zirkoniamu kwanza.

Tanini na dopamini

Kinachotendeka. Kome hujishika kwenye mwamba ndani ya maji ya bahari, huku mawimbi yakimpiga, kwa kutumia protini zenye vikundi vya katekoli, yaani pete ya kaboni yenye hidroksili mbili jirani. Mwaka 2007 kundi la Phillip Messersmith, Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani, lilichukua dopamini, ambayo ina katekoli na amino kwa pamoja, wakaiyeyusha miligramu 2 kwa mililita kwenye maji ya pH 8.5, wakatumbukiza vitu vya kila aina. Vyote vilipata utando wa kahawia iliyoiva, hata Teflon, na ndani ya siku moja utando ulifika hadi nanomita 50. Mwaka 2013 kundi la Frank Caruso huko Melbourne likaonyesha kwamba asidi ya taniki, ambayo ni aina ya tanini, na chuma hufunika uso ndani ya muda mfupi sana.

Sisi tanini tunaijua siku nyingi. Magome ya mkoko yametumika pwani kutia ngozi na kupaka rangi, na miwati ya Njombe imepandwa kwa ajili ya tanini. Ukidondosha maji ya kutu kwenye chai ya rangi iliyokolea, ule weusi unaoruka papo hapo ni chuma kikishikwa na polifenoli, jamii ya kemikali ambamo tanini imo, kemia ileile. Mikoko iachwe isimame, misitu hiyo inalindwa kisheria na inastahili kulindwa. Tanini ya miwati inatosha, ingawa haifanani kabisa na asidi ya taniki ya dukani, kwa hiyo vipimo vya vitabuni vitahitaji kurekebishwa.

Maji yanaingiaje. Hayaleti mbio. Utando hauchagui hidroksili moja moja, unatua juu ya uso wote. Dopamini inahitaji hewa, basi chombo kisizibwe. Kama maji yako yana chuma, tanini itaanza kuwa nyeusi kabla hujaweka singa.

Kudumu na nguvu. Singa haiumizwi sana, na hii ndiyo sifa kubwa ya njia hii. Lakini utando umelala juu, haujazaliwa ndani. Asidi kali au EDTA, kemikali inayonyakua metali, huutoa ule wa chuma na tanini, na alkali kali hudhoofisha ule wa dopamini. Ndani ya saruji, ambako pH hupita 12, siutegemei.

Vifaa na taka. Dopamini ni ghali, tanini ni rahisi. Bika, chumvi ya chuma, kitu cha kupandisha pH. Taka yake ndiyo nyepesi zaidi kati ya nne, ila inatia doa kila kinachoguswa. Na kila kitu kitakuwa cha rangi iliyoiva, kwa hiyo anayetaka singa nyeupe aishie kusoma hapa.

Inamfaa nani. Asiyetaka kugusa nguvu ya singa, asiyejali rangi, na anayetaka tabaka la kushikizia kitu kingine juu yake. Inawafaa sana walimu pia, kwa sababu darasa zima linaona badiliko kwa macho ndani ya kipindi kimoja.

Kwa hali yako

Unatengeneza vibao vya rezini na huna maabara: anza na kostiki ya asilimia 4, pima kwa kopo na mchanga, tengeneza kibao, kivunje, tazama singa. Zikitoka na rezini imeng'ang'ania, umemaliza. Zikitoka safi na una ovena, jaribu silani inayolingana na rezini yako, kwa singa zile zile zilizotiwa kostiki, na ulinganishe na zisizotiwa silani. Tofauti ikiwa ndogo, chupa ile haikulipi.

Unafinyanga vigae: kostiki na kusuuza vizuri, au hata kuchemsha tu kwa maji na kubadilisha maji mara kadhaa kama kostiki inakutia hofu kwa sababu watoto wako karibu. Maji ya moto hayafanyi kazi yote, ila sehemu ya sukari hutoka.

Unataka chujio la metali na una mita ya pH: TEMPO. Kama huna mita, utando wa tanini unaweza kunasa baadhi ya metali na kukupa matokeo ya kuanzia, ukikumbuka kwamba maji yenye asidi kali yatauvua.

Unataka kushikiza protini, kimeng'enya au dawa: TEMPO kisha EDC ikiwa unahitaji kifungo cha kudumu na una baridi ya kutunzia kemikali. Dopamini ikiwa unahitaji matokeo wiki hii na uso wako si selulosi peke yake.

Una pesa ya kununua kemikali moja tu na bado hujui kazi yenyewe itakuwa ipi: usinunue bado. Omba methilini bluu kidogo kwenye maabara yoyote iliyo karibu, andaa mmumunyo hafifu kwenye glasi mbili, weka singa mbichi kwenye moja na za kostiki kwenye nyingine. Rangi hii ina chaji chanya, kwa hiyo inakimbilia chaji hasi. Mkonge mbichi nao hunywa kiasi, ndiyo sababu glasi ya singa mbichi ni ya lazima. Rudi baada ya saa moja, ziweke glasi mbele ya karatasi nyeupe, na uangalie ni maji yapi yamepauka zaidi.